Gari Kusimama Si Dereva Kulala

Niliendesha semi-trela njia ya Dar es Salaam, Tunduma hadi Lubumbashi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia ofisini, kwenye kitengo cha usalama cha kampuni nyingine ya usafirishaji. Ofisini ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza jinsi safari ya dereva inavyoonekana kwa mtu aliye mbali nayo. Kwenye skrini, lori ni alama ndogo juu ya ramani. Likitembea, alama inakuwa ya kijani. Likisimama huku injini inawaka, inakuwa ya njano, na likizimwa inakuwa nyekundu. Mwisho wa wiki mfumo unatoa ripoti, na ripoti hiyo inahesabu muda wote ambao gari halikutembea kuwa ni mapumziko ya dereva.

Nilipoiona safu hiyo ya mapumziko nilisoma tena majina ya sehemu. Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, saa 41. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku tatu na ushee. Hizo sehemu nazijua. Hakuna aliyepumzika pale.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya mpakani, nieleze inavyokwenda. Foleni haitembei na haisimami. Unaweza kukaa saa nzima hujasogea hata hatua, halafu magari kumi yakaruhusiwa kwa mpigo na wote nyuma mnatakiwa kusogea. Usiposogea, mwenzako anachomeka gari mbele yako, na hapo utagombana na watu usiowajua, usiku, kwenye nchi ya watu. Kwa hiyo unalala huku sikio liko nje. Ukiona taa nyekundu za gari la mbele zimewaka, unawasha, unaachia breki, unasikia upepo ukitoka, unasogea urefu wa gari moja au mawili, unafunga breki, unazima. Unalala tena. Mwanzoni nilikuwa navua viatu kila nikirudi kitandani kule nyuma ya kiti. Kufika usiku wa pili nilikuwa naacha kuvivua.

Utingo naye halali. Yeye kazi yake ni kuzunguka gari na tochi, maana kuna watu wanaonyonya dizeli kwenye tenki ukiwa umejisahau kidogo tu, na wengine wanachana turubai kuangalia ulichobeba. Ukirudi na shaba kutoka Kongo ndiyo kabisa, hata kwenda kujisaidia mnakwenda kwa zamu. Madereva wengine humwachia utingo usukani ili wapate usingizi kidogo, naye hana leseni ya gari kubwa. Nawaelewa, lakini nimeona jinsi gari linavyoweza kurudi nyuma kwenye mteremko mdogo tu na kumbana mtu aliyepita katikati ya magari mawili.

Halafu asubuhi ya siku ya tatu au ya nne wakala anakuja na karatasi zimegongwa mihuri. Hapo hapo simu inaita.

"Kaka, vipi, umetoka?"

"Ndiyo nimekabidhiwa karatasi sasa hivi."

"Safi sana. Sasa kaka, hapo umepumzika siku tatu nzima. Kanyaga twende, mteja anasubiri."

Aliyekuwa akinipigia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma skrini. Skrini ilimwambia gari limesimama siku tatu, akaona kijana atakuwa ameshiba usingizi. Ndipo unapotoka mpakani ukiwa umekesha, barabara iko wazi mbele yako, na ofisi inaamini umepumzika kuliko mtu yeyote aliyeko barabarani.

Mambo ya usingizi hayana ushujaa. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake unashuka kufikia ule wa mtu mwenye kiwango cha kilevi cha 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24 ni kama aliye na 0.10, na hapo ameshapita kiwango cha 0.08 ambacho trafiki wa Tanzania angemkamata nacho hata dereva wa gari binafsi. Lakini kipimo cha pombe kipo, cha usingizi hakipo. Sheria inaliruhusu gari kubwa mwendo wa mwisho wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo unakwenda mita 22 kila sekunde. Ukipitiwa na usingizi sekunde nne tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mtu, na uzito wa gari na mzigo unaruhusiwa kufika tani 56. Kwenye mteremko wa Kitonga mita 90 ni kona nzima.

Wengi wanadhani dereva anayesinzia anajijua. Hajijui. Dalili niliyoiogopa kuliko zote haikuwa macho kuwa mazito, ilikuwa ni kufika Iringa na kutafuta kichwani nilipopita Ilula nisipaone. Gari lilipita pale, mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, gia nilibadilisha, lakini sikuwepo. Wenzangu walikuwa na dawa zao: kioo wazi, redio kwa sauti ya juu, vinywaji vya kuongeza nguvu, wengine mirungi ingawa ni haramu kwa sheria. Kahawa inasaidia, ila inachukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na ukilala dakika 20 katika hiyo nusu saa utaamka vizuri zaidi kuliko kwa kahawa peke yake. Lakini yote hayo ni ya kukufikisha mahali pa kupaki. Hakuna hata moja la kukufikisha Dar.

Sasa kuhusu sheria. Nilipokuwa barabarani nilidhani sheria za saa za dereva ni mambo ya trafiki. Na trafiki hakuwahi kuniuliza. Kutoka Vigwaza, Mikumi, Wenda, Makambako hadi Mpemba mizani inapima gari, na askari njiani wanaangalia leseni, bima, matairi, mwendo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeamka saa ngapi. Kwa mabasi ya mikoani mambo yamekwenda mbele zaidi. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili, na basi linafungwa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanakisoma. Sisi wa malori tulizoea kuona hayo kama ya abiria, kwamba mzigo haulalamiki.

Kumbe kinga yangu ilikuwa kwenye sheria nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtaji dereva wa lori kwa jina, lakini inamhusu kama inavyomhusu karani. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ukijumlisha na saa za ziada, mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Saa za ziada haziwezi kuzidi 50 ndani ya wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine unatakiwa upate saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Kazi ya usiku, ambayo sheria inaihesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5.

Nilivyoisoma kwa mara ya kwanza, katika mafunzo ya kazini, nilisimama kwenye lile neno "mfululizo". Saa 12 mfululizo. Pale Kasumbalesa sikuwahi kupata hata mbili mfululizo, ilhali ripoti ya ofisi ingeonyesha 70.

Hapa ndipo sheria yetu inapohitaji msaada. Inataja kazi na inataja mapumziko, lakini dereva aliye kwenye foleni yuko wapi? Mimi nasema yuko kazini. Hawezi kuondoka, hawezi kulala akazama, mali ya watu iko mikononi mwake, na akiitwa lazima asogee. Umoja wa Ulaya walilimaliza jambo hili kwa sentensi moja katika Kanuni yao namba 561 ya mwaka 2006: mapumziko ni kipindi kisichokatizwa ambacho dereva anaweza kukitumia apendavyo. Basi. Ukikitumia kusogeza gari au kulinda dizeli, si mapumziko. Kanuni hiyo hiyo inataka dakika 45 za kusimama baada ya kila saa nne na nusu za kuendesha, na kuendesha kusizidi saa 9 kwa siku, isipokuwa mara mbili kwa wiki ambapo unaweza kufika 10. Kifaa cha tachografu kinarekodi kila kitu, na askari anaweza kukusimamisha akasoma siku zako zilizopita, si dakika ile tu aliyokukuta.

Kuna kifungu kingine katika Kanuni hiyo ambacho natamani kingebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya usafirishaji kuanzia Kurasini hadi Tunduma. Kinakataza kampuni kumlipa dereva kwa umbali, kwa kasi ya kufikisha au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo hayo yanaweza kuhatarisha usalama barabarani. Waliokiandika walijua tatizo linakaa wapi.

Kwetu dereva anaishi kwa tripu. Mshahara, kama upo, ni mdogo. Kinacholisha nyumba ni posho ya safari, na posho ya safari ni moja tu, iwe umekwenda na kurudi kwa siku kumi au kwa siku ishirini. Mpaka ukikukalisha siku tano, hizo siku zimekatwa mfukoni mwako. Chakula cha siku tano kimetoka humo, maji ya kuoga yametoka humo, na tripu inayofuata imesogea mbele. Njia pekee ya kuzirudisha ni kuendesha usiku. Hakuna anayekuamuru. Unajiamuru mwenyewe, kwa sababu ada ya shule haingoji mpaka. Ukimlipa mtu kwa tripu, umeshamnunulia saa zake za kulala, na sheria yoyote ya masaa utakayoandika baada ya hapo itapiganwa kwanza na dereva mwenyewe.

Hili si jipya na madereva walishalisema kwa sauti. Aprili 2015, na tena Mei mwaka huo, madereva wa mabasi na malori waligoma. Ubungo ilijaa abiria wenye mabegi wasio na pa kwenda. Watu wengi wanaukumbuka mgomo ule kwa ile hoja ya kurudi chuoni kila leseni inapohuishwa, ambayo ndiyo iliyovuma. Lakini hoja ya mikataba ya ajira ilikuwa pale pale, na kwangu ndiyo iliyokuwa nzito. Mtu asiye na mkataba hana saa 45 wala 12. Ana namba ya simu ya tajiri tu.

Nilipoingia kitengo cha usalama, jambo la kwanza nililoomba ni kubadilisha swali. Dereva akitoka mpakani asiulizwe "umetoka?", aulizwe "mara ya mwisho umelala saa ngapi mfululizo, na wapi?" Akisema chini ya saa 7, apaki alale kwanza. Tukachapa fomu, tukagawa.

Fomu zikarudi zote zimejaa usingizi mzuri. Saa 8, saa 9, mmoja aliandika 10. Watu hawajilazi hivyo hata nyumbani. Sikuwalaumu. Dereva anajua akisema hajalala, anayesoma fomu ataelewa kuwa huyu anachelewesha mzigo, na tripu ijayo atapewa mwingine. Fomu peke yake ilikuwa inawafundisha kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Kilichobadilisha mambo alikuwa dereva mmoja mtu mzima, aliyetutangulia sote kwenye ile njia. Alikuwa amevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, alfajiri, ana shaba. Akanipigia.

"Mdogo wangu, nimesoma ile karatasi yenu. Mnaamini mlichoandika?"

"Tunaamini, mzee."

"Basi mimi sijalala tangu juzi. Naingia yadi hapa Tunduma, nazima gari, nalala mpaka saa 8 mchana. Mwambie mkubwa wako."

Nikamwambia. Mkuu wa operesheni alikasirika, na sababu alikuwa nayo, meli haisubiri kontena moja. Tulibishana mbele ya watu. Mwisho wake mzee aliachwa alale. Mzigo uliingia bandarini na nusu siku ya kuchelewa, meli haikuwa hata imetia nanga, na mteja hakuandika neno. La maana zaidi ni kwamba mzee yule alipewa tripu iliyofuata kwa zamu yake kama kawaida. Hilo madereva walilipeleka kwenye kundi lao la WhatsApp kabla sijamaliza kuandika ripoti. Wiki iliyofuata fomu zilianza kurudi na saa 3, saa 4, na moja imeandikwa tu "sijalala kaka".

Baada ya hapo ndipo tulipoweza kuzungumza na tajiri kuhusu fedha, kwa sababu sasa tulikuwa na karatasi za kweli. Sikumwendea na hotuba ya thamani ya uhai, ingawa hiyo ndiyo inayoniamsha asubuhi. Nilimwekea mezani gharama ya gari moja lililolala pembeni ya barabara: winchi, mzigo wa mtu, miezi gereji, bima inayopanda. Nikaweka pembeni gharama ya kumlipa dereva posho ya siku kwa kila siku ya mpakani baada ya ile ya kwanza. Alikubali nusu. Posho ya kusubiri ipo sasa, si kubwa. Na ada ya kupaki usiku kwenye yadi yenye mlinzi, ambayo zamani dereva aliitoa mfukoni mwake hivyo akaikwepa kwa kulala barabarani, sasa anarudishiwa akileta risiti. Hii ya pili ilikuwa ndogo kwenye vitabu lakini imeleta badiliko nililoliona kwa macho. Magari yetu yanalala Mafinga na Makambako, ndani ya uzio, yamezimwa.

Kuna wanaosema dawa ni madereva wawili kwa kila lori. Ninaheshimu wazo hilo, ila nimelala kwenye kitanda cha kebini gari likishuka milima, na usingizi ule ni wa kurushwa rushwa. Kama kampuni ina fedha ya dereva wa pili, mimi ningemweka mpakani, asogeze magari kwenye foleni akiwa na leseni halali, na mwenye safari akalale kwenye nyumba ya wageni akiwa amevua viatu. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019 upande huo umekuwa na nafuu. Kasumbalesa bado ni mlima.

Vijana wanaoingia kazini hunijia wakiuliza gari gani zuri, njia gani inalipa. Mimi huwauliza kwanza kama wamepewa mkataba wa maandishi unaotaja saa za kazi, maana sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo hayo kwa maandishi. Huwaambia pia wawe na daftari lao, mbali na fomu za kampuni. Waandike tarehe, saa waliyoingia foleni, saa waliyotoka, walipolala na kwa muda gani, wapige picha risiti za mizani na mihuri ya mpakani. Kukiwa na mgogoro, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea shauri la kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayekwenda na daftari husikilizwa tofauti na anayekwenda na kumbukumbu tu.

Mikataba ya madereva wetu inakaribia kuhuishwa. Tunaomba mambo mawili yaingie kwa maandishi: mshahara wa mwezi uwe ndio mwingi na posho ya tripu iwe kidogo, na muda wa foleni uhesabiwe kuwa kazi. La kwanza tajiri ameanza kulisikiliza. La pili analipinga, anasema mpaka si wake. Ni kweli si wake, lakini dereva aliyeko pale ametumwa na yeye, na ripoti ya wiki bado inatoka na safu ile ya mapumziko. Nimeomba safu hiyo igawanywe, gari lililozimwa ndani ya yadi liandikwe peke yake na lililoko kwenye foleni peke yake. Fundi wa mfumo ameniambia ni kazi ya siku moja.